Weibull kwa data ya ukaguzi: tarehe halisi hazijulikani, hesabu inafanyikaje?

Swali. Nasimamia matengenezo ya pampu zaidi ya 150 za aina moja. Kila baada ya miezi kadhaa tunazifungua na kukagua beringi. Ikikutwa imekwisha tunaandika, lakini siku hasa ilipoharibika hatuijui. Nilichonacho ni jedwali tu: kipindi hiki ziliharibika ngapi, kile ngapi, na kundi kubwa ambalo bado ni zima. Mwenzangu anasema nichukue katikati ya kila kipindi, niziache zile nzima, kisha nichore mstari wa Weibull (mgawanyo wa takwimu unaoeleza vitu hudumu muda gani hadi kuharibika) kwenye Excel. Je, ni sawa? Kama si sawa, nifanyeje?

Jibu. Ushauri wa mwenzako una makosa mawili yasiyolingana uzito. Kuchukua katikati ya kipindi kuna hasara ambayo wakati mwingine ni ndogo. Kuziacha zile nzima kunaharibu hesabu yote, kwa hiyo tuanze na hilo.

Namba zako hukuziweka, basi nitatumia data ambayo hutumika sana kufundishia jambo hili hili. Mwanatakwimu Wayne Nelson aliichapisha mwaka 1982, na imo pia kwenye kifurushi cha survival cha programu ya R kwa jina la cracks. Vipuri 167 vya aina moja vilikaguliwa mara 8, na kila mara vikahesabiwa vile vilivyokutwa na ufa mpya. Usijali muda ule ulikuwa wa siku au wa miezi. Kigezo cha umbo cha Weibull (β, kinachoonyesha kama ubovu huongezeka au hupungua kadiri kitu kinavyozeeka) hakibadiliki ukibadili kipimo, na umri unaoupata utakuwa kwa kipimo kile ulichoingiza.

| Kipindi | Vilivyokutwa na ufa | Jumla hadi hapo |
|---|---|---|
| 0 – 6.12 | 5 | 5 |
| 6.12 – 19.92 | 16 | 21 |
| 19.92 – 29.64 | 12 | 33 |
| 29.64 – 35.40 | 18 | 51 |
| 35.40 – 39.72 | 18 | 69 |
| 39.72 – 45.24 | 2 | 71 |
| 45.24 – 52.32 | 6 | 77 |
| 52.32 – 63.48 | 17 | 94 |
| zaidi ya 63.48 | 73 (bado vizima) | 167 |

Sasa jiulize: nusu ya vipuri hivi hupata ufa kufikia umri gani? Ukivihesabu vyote 167, kipuri cha katikati kinaangukia ndani ya kipindi cha 52.32 hadi 63.48, karibu na 56.6 ukigawa kipindi hicho kwa uwiano. Ukivitupa vile 73 vizima ukabaki na 94, katikati inashuka hadi kama 34. Umepunguza umri wa kipuri kwa theluthi moja na zaidi bila kipuri chochote kuharibika mapema zaidi. Sababu iko wazi: vizima ndivyo vilivyodumu kuliko vyote, nawe umevifuta kwa sababu vimedumu. Kwa hesabu, kila kipuri kizima ni ushahidi kwamba umri wake umezidi 63.48. Ushahidi huo haujakamilika, lakini ni ushahidi, na una mahali pake kwenye kanuni tutakayoiona.

Katikati ya kipindi nako kuna tatizo lake. Unapoandika kwamba vipuri 5 vya kipindi cha kwanza viliharibika umri wa 3.06, unadai kujua usichokijua, na programu itakuamini. Kosa sanifu, yaani kipimo cha shaka iliyomo kwenye kadirio, litatoka dogo kuliko inavyostahili. Isitoshe, katikati si mahali pa haki. Kipuri kinachochakaa huharibika zaidi kuelekea mwisho wa kipindi cha kwanza kuliko mwanzoni. Kwa Weibull, kama kipindi cha kwanza ni kifupi ukilinganisha na umri wa kipuri, wastani wa umri wa vilivyoharibika humo ni karibu β/(β+1) ya urefu wa kipindi. Kwa β ya 1.49 (tutakayoipata baadaye) hiyo ni 3.66, si 3.06; na kama β ingekuwa 3, ingekuwa 4.59. Ukiweka 3.06 unavuta mkia wa kushoto nyuma, na β inatoka ndogo kuliko ilivyo. Vipindi vikiwa vyembamba, tuseme sehemu ya ishirini ya umri wa kawaida wa kipuri, hutaona tofauti ya maana. Vikiwa vipana kama hivi, hakuna sababu ya kubahatisha wakati njia sahihi inachukua dakika kumi.

Njia yenyewe ni hii. Weibull ina vigezo viwili: β ya umbo, na η ya umri bainifu, yaani umri ambao asilimia 63.2 ya vitu huwa vimeharibika. Uwezekano wa kitu kubaki kizima hadi umri t ni

S(t) = exp( −(t/η)^β )

Kitu kilichokutwa kizima kwenye ukaguzi wa umri a, kisha kikakutwa kibovu kwenye ukaguzi wa umri b, kina uwezekano S(a) − S(b). Kitu ambacho bado ni kizima kwenye ukaguzi wa mwisho kina uwezekano S(a) peke yake. Chukua logi asilia ya kila uwezekano, izidishe na idadi ya vitu vya safu hiyo, jumlisha safu zote. Vigezo unavyovitafuta ni vile vinavyoifanya jumla hiyo iwe kubwa kuliko yoyote nyingine. Hii ndiyo njia ya uwezekano mkubwa zaidi, na kwa data ya vipindi haina ukadiriaji wowote wa njiani: unaiambia hesabu kile tu unachokijua.

Kabla ya kuiachia kompyuta, pata namba za kuanzia kwa mkono. Data ya ukaguzi ina uzuri mmoja ambao watu huusahau: hujui kila kitu kiliharibika lini, lakini siku ya ukaguzi unajua kwa uhakika ni sehemu gani ya kundi imekwisha kuharibika. Kwa hiyo chora nukta zako kwenye mwisho wa vipindi, kamwe si katikati. Mlalo weka ln t, wima weka ln(−ln(1−F)), ambapo F ni jumla hadi hapo kugawa kwa 167. Nukta ya kwanza: t = 6.12, F = 5/167, inatoa (1.812, −3.493). Nukta ya mwisho: t = 63.48, F = 94/167, inatoa (4.151, −0.189). Mteremko kati ya hizo mbili ni 1.41, na mstari unakata sifuri ya wima pale η inapokuwa kama 72.6. Hizo zinatosha kuanzia. Chora na nukta za katikati pia, maana baadaye tutazirudia: ile ya 39.72 inapanda juu ya mstari kwa wazi kabisa.

Kwenye Excel, weka mwanzo wa kipindi safu A, mwisho safu B, idadi safu C. Kwenye G1 weka ln β, kwenye G2 weka ln η (anza na LN(1.41) na LN(72.6)). Safu D ni uwezekano wa kipindi:

`=EXP(-((A2/EXP($G$2))^EXP($G$1)))-EXP(-((B2/EXP($G$2))^EXP($G$1)))`

Safu ya mlalo ya mwisho, ya vile vizima, inabaki na kipande cha kwanza tu. Safu E ni `=C2*LN(D2)`, na chini yake jumla. Kisha Solver (zana ya Excel inayotafuta namba bora): ifanye jumla iwe kubwa iwezekanavyo kwa kubadilisha G1 na G2, ukichagua GRG Nonlinear.

Mambo matatu huwakwamisha watu hapa. La kwanza ni mabano. Excel huisoma alama ya kutoa kabla ya kipeo, kwa hiyo `-(A2/72)^1.4` kwake ni namba hasi iliyopandishwa kwenye kipeo, na utapata #NUM!. Afadhali hiyo, kwa maana kosa linajionyesha. Ukianza na β ya 2 kamili safu D haitaonyesha kosa lolote, ila kila S itazidi 1, uwezekano wa kipindi utatoka hasi, na #NUM! itajitokeza baadaye kwenye LN ya safu E. Mabano mawili niliyoweka hapo juu si mapambo. La pili, Solver ina kisanduku kinacholazimisha namba zote ziwe chanya. Kiondoe alama, kwa sababu ln β ni hasi β ikiwa chini ya 1. Kutumia logi za vigezo ndiko kunakohakikisha β na η zenyewe haziwi hasi. La tatu, safu ya mlalo yenye idadi 0 iondoe kabisa. Haichangii chochote kwenye jumla, lakini inaweza kuleta LN(0) katikati ya utafutaji.

Kwenye R ni mistari michache:

```
library(survival)
a <- c(NA, 6.12, 19.92, 29.64, 35.40, 39.72, 45.24, 52.32, 63.48)
b <- c(6.12, 19.92, 29.64, 35.40, 39.72, 45.24, 52.32, 63.48, NA)
n <- c(5, 16, 12, 18, 18, 2, 6, 17, 73)
m <- survreg(Surv(a, b, type="interval2") ~ 1, weights=n, dist="weibull")
1/m$scale
exp(coef(m))
```

Mwanzo wa kipindi cha kwanza ni NA, si 0. Ukiweka 0 programu inakataa, kwa kuwa ndani yake inachukua logi ya muda. Angalia pia mistari miwili ya mwisho: kile survreg inachokiita scale ni kinyume cha β, wala si η. Ni rahisi kuripoti β ya 0.67 kwa kipuri kinachochakaa, ukahitimisha kwamba kinazidi kuimarika kadiri kinavyozeeka, na chanzo ni hiki tu. Kwa wanaotumia Python, SciPy kuanzia toleo la 1.11 inapokea data ya vipindi kupitia CensoredData; rudia kila safu kwa idadi yake, na usisahau `floc=0`, la sivyo inakutafutia kigezo cha tatu ambacho hukukiomba.

Njia yoyote kati ya hizi inapaswa kukuletea β = 1.485 na η = 71.69, na jumla ya logi −309.67. Ukipata namba hizi kwa data hii, jedwali lako limejengwa sawasawa na unaweza kuingiza za pampu zako. Kosa sanifu la β ni 0.147 na la η ni 5.33. Mipaka ya asilimia 95, ikihesabiwa kwenye logi kisha ikarudishwa, ni 1.22 hadi 1.80 kwa β, na 62.0 hadi 82.9 kwa η. Mpaka wa chini wa β uko juu ya 1, kwa hiyo vipuri vinachakaa. Haviharibiki kwa bahati tu. Umri ambao asilimia 10 huwa vimeharibika unatoka 15.8, na ule wa nusu ya vipuri 56.0, karibu sana na ile 56.6 tuliyoisoma moja kwa moja kwenye jedwali.

Wengi huishia hapo. Wewe usiishie, kwa maana data ya vipindi inakupa kipimo cha bure: zidisha kila uwezekano wa safu D na 167, ulinganishe na idadi halisi.

| Kipindi | Halisi | Kwa Weibull |
|---|---|---|
| 0 – 6.12 | 5 | 4.3 |
| 6.12 – 19.92 | 16 | 18.9 |
| 19.92 – 29.64 | 12 | 16.3 |
| 29.64 – 35.40 | 18 | 10.0 |
| 35.40 – 39.72 | 18 | 7.4 |
| 39.72 – 45.24 | 2 | 9.4 |
| 45.24 – 52.32 | 6 | 11.6 |
| 52.32 – 63.48 | 17 | 16.8 |
| zaidi ya 63.48 | 73 | 72.5 |

Kwa kila safu chukua tofauti, ipige mraba, gawa kwa idadi iliyotarajiwa, jumlisha. Hiyo ni kai-mraba, na hapa inafika 31.6 hivi. Digrii za uhuru ni vipindi 9, toa 1, toa vigezo 2 ulivyovikadiria, zinabaki 6. Mpaka wa asilimia 5 ni 12.59. Weibull imeshindwa mtihani, tena kwa mbali. (Safu ya kwanza ina matarajio chini kidogo ya 5, kiwango ambacho wengi hukidai. Iunganishe na ya pili na hukumu haibadiliki.)

Tazama hata hivyo *wapi* imeshindwa. Karibu mzigo wote uko kwenye safu nne za katikati: 18 na 18 pale palipotarajiwa 10 na 7, kisha 2 na 6 pale palipotarajiwa 9 na 12. Ziunganishe hizo nne ziwe kipindi kimoja, 29.64 hadi 52.32: halisi ni 44, matarajio ni 38.3, tofauti isiyotisha. Kufikia 52.32 jumla ya halisi ni asilimia 46.1 na ya Weibull ni 46.5. Maana yake ni kwamba mwendo mrefu umekaa vizuri, ila ndani ya kipande kimoja vipuri vingi vimehesabiwa mapema kuliko mstari unavyotaka, kisha pakafuata ukame.

Sura ya namna hiyo ikitokea kwenye pampu zako, usikimbilie kubadili Weibull kwa mgawanyo mwingine. Mgawanyo laini wenye vigezo viwili, uwe lognomali au mwingine, hauwezi kupanda na kushuka ghafla hivyo. Nenda kwanza kwenye daftari la ukaguzi. Je, kuna awamu iliyofanywa na fundi mwingine, au kwa kifaa kikali zaidi? Fundi makini huokota beringi zilizokuwa zimeharibika tangu awamu zilizopita bila kuonekana, kipindi chake kinavimba, na kinachofuata kinanyauka kwa sababu kazi yake imekwisha kufanywa. Kanuni ya S(a) − S(b) inaamini kwamba ukaguzi wa umri a uliona kila ubovu uliokuwapo. Kama hauoni wote, unachokipima ni umri wa kugunduliwa, ambao ni mkubwa kuliko umri wa kuharibika. Uliza pia kama pampu zote zilifungwa kwa wakati mmoja na kama shehena ya beringi ilikuwa moja. Mchanganyiko wa shehena mbovu na nzuri huleta nundu kama hiyo, na dawa yake ni kuzitenganisha na kuzihesabu kila moja peke yake.

Kwa upande wako kuna tofauti moja kubwa na mfano huu. Vipuri vya mfano vilikuwa na ratiba moja. Pampu zako huenda zilifungwa tarehe tofauti, na beringi iliyoharibika ilibadilishwa. Basi hesabu umri wa beringi, si tarehe ya kalenda wala umri wa pampu. Beringi mpya inaanza sifuri siku iliyofungwa, na inaandikiwa safu yake yenyewe: a ni umri wake kwenye ukaguzi wa mwisho ilipokutwa nzima, b ni umri ilipokutwa imekwisha. Vipindi vitapishana kutoka safu hadi safu. Kanuni haijali hilo hata kidogo, ila mchoro wa nukta hautafanyika tena kwa kugawa tu, na utahitaji kadirio la Turnbull, yaani njia ya kukadiria F pale vipindi vinapopishana. Pampu iliyoondolewa kwa sababu nyingine, mfano mota imeungua, ingiza beringi yake kama nzima hadi umri ilipothibitishwa kuwa nzima. Kama pampu hazifanyi kazi saa sawa kwa siku, tumia saa za kazi kutoka kwenye mita badala ya miezi. Vinginevyo utakuwa unapima uvivu wa pampu pamoja na uchakavu wa beringi.

Na kuna data ambayo haiwezi kutoa Weibull hata ukiisukuma. Ukaguzi mmoja tu unakupa F moja, na mistari isiyo na idadi hupita kwenye nukta moja. Kaguzi mbili za ratiba moja, zote zikiwa na vilivyoharibika na vingine vikabaki, zinatoa β na η kamili, lakini hakuna digrii ya uhuru inayobaki ya kupimia kama Weibull inafaa. Vikiharibika vyote ndani ya kipindi kimoja baada ya kaguzi zisizo na ubovu, Solver itaipandisha β bila kikomo. Ukiona β ya 40, tatizo ni hilo, si programu.

Ukishapata vigezo unavyoviamini, swali la stoo linajibika. Kwa mfano huu, vipuri 73 ni vizima kwenye umri wa 63.48, vingapi vitakuwa vimepata ufa kufikia 75? Uwezekano wa kimoja kubaki kizima ni S(75) kugawa kwa S(63.48), yaani 0.791. Asilimia 20.9 ya 73 ni kama 15. Kwa bahati ya kawaida tu namba hiyo huyumba kwa 7 hivi kila upande, kwa hiyo anayeweka 15 stoo ana karibu nusu ya uwezekano wa kupungukiwa. 22 ni akiba ya mtu asiyetaka mashine isimame, na shaka iliyomo kwenye β na η zenyewe bado haijaongezwa humo. Kufika 75 ni kuvuka mpaka wa data kwa hatua fupi. Kufika 150 kwa vigezo hivi sitakushauri, kwa kuwa hakuna kipuri hata kimoja kilichotazamwa zaidi ya 63.48.